Leseni ninayo, mbona kibanda kimevunjwa?

Swali hili limeletwa na mama mmoja wa Pwani ya Kenya. Nimelifupisha, na jina lake pamoja na la mji wake nimeyaweka kando kwa sababu jambo lenyewe bado halijaisha.

"Shikamoo mzee. Mimi ni mjane, nina watoto wanne. Nauza viazi karai, bajia na mbaazi kando ya barabara ya kuingilia stendi, huu ni mwaka wa 11. Kibali cha biashara nalipa kila mwaka, na ushuru wa kila siku nalipa, risiti zote ninazo kwenye kopo. Jumanne iliyopita alfajiri walikuja askari wa kaunti na lori, wakavunja vibanda vyetu 23. Wamechukua karai, meza mbili na mtungi wa gesi. Tulipouliza tuliambiwa kamati imeamua. Barua hatukuona, wala tangazo. Sasa nimepata chumba cha kupanga, kodi shilingi 9,000 kwa mwezi, nataka kufungua mkahawa mdogo. Karani wa leseni anasema kibali changu cha barabarani hakifai chumbani, nilipe upya, tena nimpelekee risiti zangu asili azihakiki. Na nyumba ya pili kutoka hapo kuna mtu ameomba leseni ya baa, ilhali chuo cha watoto, yaani madrasa, kiko mkabala. Je, nilipe? Nishtaki? Nianzie wapi?"

Marahaba dada yangu, na pole sana. Kuvunjiwa alfajiri, mbaazi ziko jikoni na wateja wako njiani, ni jambo linalomkata mtu maini. Umeuliza mengi kwa pamoja, na mengine yana siku za kuhesabiwa, kwa hiyo nitajibu kwa mpangilio wa haraka yake na si kwa mpangilio wa barua yako.

Kwanza lile linalokuuma zaidi. Kibali chako kilikuwa halali, na hata hivyo kibanda chako hakikuwa na karatasi ya kukilinda. Kibali cha biashara kinasema wewe ni nani na unauza nini. Hakikupi ardhi ya kuuzia, hata kama juu yake pameandikwa jina la barabara. Nimeona wachuuzi wengi wakienda kwenye ofisi na hata mahakamani wakipunga kibali cha biashara mkononi, wakashindwa, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaeleza tofauti hiyo.

Ninalijua hili kwa undani. Nilikaa kwenye kaunta ya leseni miaka 22, mwanzo wakati wa mabaraza ya miji chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa, Sura ya 265, kisha chini ya kaunti baada ya uchaguzi wa Machi 2013. Fomu za wachuuzi nimezijaza kwa mkono wangu. Pale kwenye nafasi ya mahali pa biashara tuliandika "kando ya stendi" au "mkabala na posta", tukapiga muhuri, tukaita anayefuata. Hakuna hata mmoja wetu aliyeinuka kwenda kupima. Mchuuzi aliondoka akiamini amepewa futi nane kwa sita za mji, na sisi hatukumwambia kwamba sivyo. Jambo hilo linanisumbua mpaka leo, na ndiyo sababu majibu yangu kwa wachuuzi huwa marefu.

Karatasi ya mahali ni nyingine kabisa. Sokoni ni barua ya kugawiwa kizimba au meza, yenye namba. Barabarani ni ruhusa ya kuweka kibanda cha muda, nayo hutolewa na idara ya mipango ya mji au na mamlaka inayomiliki hiyo barabara. Hapo pana swali ambalo watu hawaulizi: barabara ni ya nani? Mitaa ya ndani ya mji kwa kawaida iko chini ya kaunti. Lakini barabara kuu, kama ile ya Mombasa kwenda Malindi, ziko chini ya mamlaka za taifa zilizoundwa na Sheria ya Barabara za Kenya ya 2007, pamoja na ukanda wa akiba wa pande zote mbili. Karani wa kaunti anaweza kukupokea ushuru miaka 11 kwenye ukanda ambao kaunti yenyewe haina uwezo wa kukuruhusu kukaa. Kwa hiyo kabla hujaandika barua yoyote, jua barabara ya kuingilia stendi yenu iko mikononi mwa nani. Ofisi ya wahandisi wa barabara itakwambia kwa dakika tano.

Jirani zetu wa Tanzania walilipitia jambo hili hili mbele ya nchi nzima. Desemba 2018 Rais John Magufuli alianzisha vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, shilingi 20,000 za Tanzania kimoja, kwa wenye mauzo yasiyofika milioni 4 kwa mwaka. Machinga walivivaa shingoni na wengi waliona wamepata hifadhi ya pale walipopanga bidhaa zao. Ilipofika Oktoba 2021, chini ya Rais Samia Suluhu Hassan, machinga wa Dar es Salaam na miji mingine waliondolewa kando ya barabara na mbele ya maduka, wakapelekwa kwenye maeneo yaliyotengwa. Kitambulisho kilikuwa halali siku ile waliyoondolewa. Kilihusu biashara, hakikuhusu mahali.

Sasa sikiliza upande wa pili, maana hapa ndipo penye nguvu yako. Kutokuwa na karatasi ya mahali hakumpi mtu ruhusa ya kukuvunjia bila kukwambia neno. Kifungu cha 47 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kutendewa na ofisi ya umma kwa kufuata sheria, kwa busara na kwa utaratibu wa haki, na pale haki yake inapoguswa au kuelekea kuguswa, apewe sababu kwa maandishi. Sheria iliyokuja kukitekeleza kifungu hicho mwaka 2015 imetaja mambo waziwazi: upewe taarifa mapema ya hatua inayokusudiwa na sababu zake, upewe nafasi ya kusikilizwa, uelezwe njia ya kukata rufaa. Na katika orodha ya makosa yanayoweza kuufanya uamuzi utenguliwe, sheria hiyo imetaja kuvunja matarajio halali ya mtu. Lile kopo lako la risiti linaingia hapo. Ofisi iliyokupokea pesa asubuhi kwa asubuhi kwa miaka 11, pahali pale pale, ilikupa sababu ya kuamini kwamba haitakuondoa bila kukuita kwanza. Risiti hazikufanyi mwenye mahali. Zinakufanya mtu ambaye alipaswa kusikilizwa kabla ya lori kufika.

"Kamati imeamua." Maneno haya mawili nimeyasikia maisha yangu yote, na mara nyingi hayana kitu nyuma yake. Kamati gani? Bunge la kaunti lina kamati zake, lakini kazi ya bunge ni kutunga sheria na kuisimamia serikali ya kaunti. Mwakilishi wadi hana mamlaka ya kuamuru kibanda kivunjwe, na kamati ya bunge haina lori. Amri ya kuondoa vibanda hutoka upande wa utendaji: idara ya biashara, idara ya mipango, au bodi ya mji pale ilipoundwa. Lazima iwe imesimama juu ya sheria ya kaunti, na sheria ya kaunti haianzi kufanya kazi mpaka ichapishwe kwenye Gazeti Rasmi, hilo liko kwenye kifungu cha 199 cha Katiba. Mtu akikwambia kuna kanuni mpya ya kuzuia biashara barabarani, muombe namba ya gazeti na tarehe. Huna haja ya kubishana naye. Omba namba tu.

Kwa hiyo hatua ya kwanza, kabla ya wakili, kabla ya vyombo vya habari, kabla ya kulipa hata shilingi, ni kuilazimisha ofisi iweke uamuzi wake kwenye karatasi. Neno la mdomo huwezi kulikatia rufaa. Andika barua leo. Iandike kwa Kiswahili kama ndicho unachokiweza vizuri. Kiswahili ni lugha rasmi kwa kifungu cha 7 cha Katiba, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 imetamka kwamba ombi laweza kuandikwa kwa Kiingereza au Kiswahili. Kuwasilisha ombi lenyewe hakuna ada, kinacholipiwa ni gharama ya nakala. Ofisi ina siku 21 za kukujibu, na ikiwa habari ni nyingi inaweza kujiongezea 14, mara moja tu.

Barua isiwe ndefu. Usimwage uchungu wote humo, ingawa unao. Mimi ningeandika hivi:

"Mimi ni mchuuzi wa vyakula mwenye kibali cha biashara namba hii. Tarehe hii, saa hii, maafisa wa kaunti walivunja kibanda changu kilichokuwa mahali hapa na kuchukua vitu vifuatavyo. Sikupewa taarifa kabla. Naomba, chini ya vifungu vya 35 na 47 vya Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016, nipewe: nakala ya uamuzi ulioagiza kuondolewa kwa vibanda hivyo, pamoja na jina la ofisi iliyoutoa na tarehe yake, sheria na kifungu kilichotumika, sababu za uamuzi huo, na orodha ya vitu vilivyochukuliwa na mahali vilipo. Naomba pia nielezwe rufaa inakatwa wapi na kwa muda gani."

Toa nakala tatu. Moja kwa mkuu wa idara ya biashara, moja kwa katibu wa kaunti, ya tatu igongwe muhuri wa kupokelewa urudi nayo nyumbani. Muhuri huo ni wa lazima. Karani akisema acha tu mezani, subiri. Kaa kwenye benchi mpaka mchana ikibidi, lakini usitoke bila muhuri na tarehe. Nilipokuwa upande ule wa kaunta niliona barua zisizo na muhuri wa mapokezi zikipotea kwa wiki moja, na zenye muhuri zikifika mezani kwa mkubwa, kwa sababu kila mtu aliogopa kuulizwa.

Nimetaja siku za kuhesabiwa. Kama walichotumia ni Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019, mtu aliyepewa notisi ya kuondoa jengo ana siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya rufaa za mipango ya kaunti, na akishindwa pale anakwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Wewe hukupewa notisi, na hiyo ni hoja yako kubwa. Hata hivyo usikae ukingoja mtu akwambie siku zako zimeanza lini. Hesabu kutoka Jumanne ile ya kuvunjiwa, na ndani ya siku 14 hizo peleka barua fupi ya rufaa kwa kamati hiyo, useme wazi kwamba notisi hukupata na kwamba umeomba uamuzi kwa maandishi. Rufaa yenye upungufu iliyofika mapema inaweza kurekebishwa. Iliyochelewa, utatumia nguvu zako zote kueleza kwa nini ilichelewa.

Kuhusu karai, meza na mtungi: kaa na wenzako leo hii, kila mmoja aandike alichopoteza, ukubwa wake, alikinunua lini, na nani alishuhudia. Kumbukumbu huchakaa haraka. Mkiambiwa mlipe faini ili mrudishiwe, ulizeni faini imeandikwa wapi, na mlipe kwa njia rasmi ya kaunti tu, yenye risiti. Pesa yote inayokusanywa na kaunti inapaswa kuingia kwenye mfuko wa mapato wa kaunti. Pesa inayopokewa getini bila risiti haiingii huko.

Kushtaki? Kwa maoni yangu, bado. Sheria ile ya 2015 ya kutekeleza kifungu cha 47 yenyewe inataka kwanza utumie njia za ndani za rufaa kabla Mahakama Kuu haijakusikiliza, isipokuwa uonyeshe sababu ya pekee. Wapo mawakili watakaokwambia twende mahakamani kesho. Kufungua shauri la kudai haki za msingi hakuna ada ya mahakama, Katiba imesema hivyo katika kifungu cha 22, lakini wakili ana ada yake, na mama wa viazi karai mwenye watoto wanne hawezi kuliweka kando hilo. Ofisi ikikaa kimya zaidi ya siku 21, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki za Utawala (Ombudsman), ambayo ndiyo inayosimamia sheria ya habari. Huduma yake ni ya bure. Barua ya tume hiyo ikitua kwa katibu wa kaunti, faili lako litafunguliwa.

Na usiende peke yako. Mlikuwa 23. Barua 23 zenye maneno yale yale, zilizogongwa muhuri siku moja, haziwezi kuwekwa chini ya rundo. Zaidi ya hapo, Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inamruhusu mtu yeyote kupeleka ombi rasmi kwenye bunge la kaunti, na bunge linaweza kutunga au kubadilisha sheria kuhusu mahali na saa za biashara za barabarani. Hapa nitakaa kidogo, maana nadhani ndipo vita vyenu vinaposhindwa kila mwaka bila nyinyi kujua.

Ada zote za leseni na vibali hupangwa kwenye Sheria ya Fedha ya kaunti, ambayo hupitishwa upya kila mwaka. Nyuma yake kuna jedwali refu: mchuuzi asiye na kibanda, mchuuzi mwenye kibanda, mkahawa mdogo, mkahawa mkubwa, na kadhalika. Kabla ya kupitishwa lazima wananchi waalikwe kutoa maoni. Mimi nimehudhuria vikao hivyo kama karani. Ukumbi wa viti mia mbili, watu waliokuja kumi na wanne, na kati yao wenye maduka makubwa walikuwa na mwakilishi aliyeandika maoni yake kwa mashine, ukurasa kwa ukurasa. Wachuuzi hawakuwa na hata mmoja. Mwaka uliofuata ada ya kibanda ilipanda na wachuuzi wakaandamana hadi getini kwetu, wakati sheria ilikuwa imeshatiwa saini. Muulizeni msimamizi wa wadi tarehe ya kikao kijacho na mtume watu watatu wanaoongea kwa utulivu. Waombe mambo mahususi: sehemu zichorwe rangi chini na zipewe namba, saa za kuuza zitajwe, ruhusa ya mahali iandikwe kwenye karatasi moja na kibali cha biashara, na mtu asiondolewe bila notisi ya siku zinazojulikana. India walilitungia hili sheria ya taifa mwaka 2014: kila mji una kamati ya biashara za barabarani ambamo wachuuzi wenyewe hawapungui asilimia 40, na theluthi moja ya hao ni wanawake. Haliko mbali na uwezo wetu.

Mkiitwa na kupewa eneo jipya, msikatae wala msikubali siku hiyo hiyo. Nendeni mkasimame pale saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na moja jioni mhesabu watu wanaopita. Mwaka 2008 wachuuzi wa katikati ya Nairobi walipelekwa kwenye soko jipya la Muthurwa. Majengo yalikuwepo, paa lilikuwepo, lakini wanunuzi wengi waliendelea kupita kule kule walikozoea, na haukupita muda wachuuzi wengi wakarudi barabarani. Anayeuza viazi karai anauza kwa mtu mwenye njaa anayekimbilia matatu. Eneo lililo mita 400 nje ya njia ya huyo mtu ni sawa na kufungiwa.

Tuje kwenye chumba. Hapa karani amekwambia kweli nusu. Ni kweli kwamba kibali cha mchuuzi hakitumiki kwenye mkahawa, kwa sababu kundi la biashara limebadilika na masharti yamebadilika. Lakini kama unapaswa kulipa ada nzima upya katikati ya mwaka, au kulipa tofauti tu, jibu liko kwenye jedwali nililotaja, haliko kinywani mwake. Kifungu cha 210 cha Katiba kinasema hakuna kodi wala ada ya leseni itakayotozwa, kusamehewa au kubadilishwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria. Kumbuka hayo maneno "kusamehewa au kubadilishwa". Karani hawezi kukuongezea, na hawezi kukupunguzia pia. Akianza kukupunguzia bei kama muuza vitunguu, jua pesa hiyo haiendi kwenye kitabu. Mwambie kwa adabu: naomba unionyeshe mstari wangu kwenye jedwali.

Usilipe kodi ya chumba kabla bwana afya hajakiona. Huu ndio ushauri ambao ningetamani kuuchonga kwenye mlango wa kila chumba cha kupanga. Watu hulipa miezi mitatu, wanapaka rangi, wananunua viti, kisha afisa wa afya anakuja anauliza maji machafu yanatoka wapi, na hakuna mfereji. Yeye ataangalia maji safi ya bomba au tangi, mahali pa kunawia mikono, choo, ukuta na sakafu zinazooshika, moshi unakotokea, na unga na mafuta yako kama yamewekwa juu ya sakafu. Wewe na kila atakayeshika chakula mtahitaji cheti cha kupimwa afya, ambacho hurudiwa kila baada ya miezi 6. Kuna ukaguzi wa moto pia, na wewe una gesi. Na muulize mwenye nyumba kama chumba kimeruhusiwa kwa biashara, maana kugeuza chumba cha kulala kuwa mkahawa kunahitaji idhini ya mipango. Baadhi ya kaunti zimeanza kukusanya vibali hivi pamoja, Nairobi ilifanya hivyo mwaka 2023 kwa kibali kimoja kinachojumuisha biashara, afya, moto na bango. Ulizia kama kwenu kuna utaratibu wa aina hiyo, kwani unaweza kukupunguzia safari.

Jambo moja la kukutuliza: ukishapanga, hutaweza kufukuzwa chumbani kama ulivyofukuzwa barabarani. Sura ya 301, sheria ya wapangaji wa maduka, hoteli na mikahawa, inamlinda mpangaji wa biashara asiye na mkataba wa maandishi, au mwenye mkataba wa miaka isiyozidi 5. Mwenye nyumba akitaka kukutoa au kukupandishia kodi lazima akupe notisi ya fomu maalumu, si chini ya miezi 2, na wewe unaweza kupeleka jambo mbele ya baraza la kodi za nyumba za biashara. Wamiliki wengi hawalijui hili, au wanajifanya hawalijui.

Kuhusu baa nitasema kwa ufupi. Leseni za vileo ziko chini ya kaunti tangu ugatuzi, na kila kaunti ina sheria yake, hivyo anza kwa kusoma ya kwenu. Sheria ya taifa ya 2010, ile ambayo watu huiita sheria ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeipeleka bungeni, ilikataza baa ndani ya mita 300 kutoka shule ya chekechea, msingi, sekondari au taasisi nyingine ya mafunzo ya walio chini ya miaka 18, na ilipanga saa za baa kuwa saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi. Kaunti nyingi zimefuata mstari huo. Kwa macho yangu chuo cha watoto ni taasisi ya mafunzo kama nyingine yoyote, na mwalimu wa chuo ndiye anayepaswa kutia saini pingamizi, pamoja na wazazi. Maombi ya leseni hutangazwa kabla ya kamati kukaa. Tafuta tangazo hilo kwenye ubao wa ofisi ya kaunti ndogo, uone mwisho wa kupokea pingamizi. Kisha pimeni umbali kwa mkanda kutoka mlango hadi mlango, mwandike namba. Kamati hizi husikia "hatuitaki baa hapa" kila siku, na haziwezi kumnyima mtu leseni kwa hilo. "Mita 62 kutoka chuo chenye watoto 80" ni maneno yanayowafunga mikono. Namba hizo nimezitoa mfano, nyinyi andikeni zenu.

Sasa risiti. Usimpe karani wala mtu mwingine yeyote risiti zako asili, hata kwa nusu saa, hata akiwa ni mtu unayemwamini. Zitoe kwenye kopo leo, zipange kwa miaka, zipige picha kwa simu moja baada ya nyingine, kisha piga nakala. Zile za karatasi ya mashine hufifia, kwa hiyo anza nazo. Karani akitaka kuhakiki, mwekee asili na nakala mbele yake, alinganishe wewe ukiwa umekaa hapo, agonge muhuri kwenye nakala, na asili zirudi kwenye mkoba wako kabla hujainuka kitini.